Ng'ombe Watatu wa Babu

Mwezi wa Septemba mwaka wa 2022 niliomba ruhusa ya siku saba katika ofisi ninayofanya kazi ya ukarani, na katika fomu, mahali palipoandikwa "sababu", nikaandika "mambo ya ukoo". Mkubwa wangu aliponiuliza ni mambo gani hayo, nilimjibu kwamba ninamsindikiza babu yangu kwenda kulipa mahari. Alicheka sana, akidhani mzee anaoa tena. Nikamweleza ya kuwa mahari yenyewe ni ya bibi yangu, ambaye tulikuwa tumemzika miaka minne iliyopita. Hapo akaacha kucheka, akatia sahihi.

Babu ni mtu wa milima ya Taita. Mwaka wa 1958, alipokuwa kijana wa miaka ishirini, aliteremka Voi kutafuta kazi kama walivyofanya vijana wengi wa kwetu. Wengine waliingia mashamba ya mkonge ya Mwatate. Yeye akaingia reli, katika kundi la watu wa kutengeneza njia. Siku zile reli ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na mtu aliweza kupelekwa po pote. Yeye alipelekwa Kisumu, na baadaye katika tawi la kwenda Butere. Huko, karibu na stesheni ya Luanda, akamwona msichana wa Kinyore aliyekuwa akiwauzia ndizi watu wa reli. Yeye hakujua Kinyore, wala msichana hakujua Kitaita. Walisemezana Kiswahili, tena Kiswahili cha kubahatisha, na nyumba yao ikawa nyumba ya Kiswahili mpaka mwisho wake.

Baba yake msichana hakuwa amepata kumwona Mtaita. Aliuliza kama watu hao wanafuga ng'ombe, na alipoambiwa kuwa wanafuga, akataja ng'ombe sita. Mwaka wa 1962 Babu alitoa watatu, akaahidi kuwaleta watatu waliosalia baada ya mavuno mawili. Mwaka uliofuata akahamishwa kurudi Voi, akaondoka na mkewe.

Mavuno mawili yakapita, yakafuatwa na mengine zaidi ya hamsini. Nisimtetee Babu, maana yeye mwenyewe hajitetei. Hakuna jambo moja kubwa lililomzuia. Palikuwa na watoto, karo, miaka ya njaa na nyumba ya kuezekwa mabati. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika na reli ikagawanywa, alikuwa na hofu nyingine. Kila mwaka deni lile lilionekana dogo kuliko shida za mwaka ule, na Bibi hakulitaja hata mara moja. Babu alichukua kunyamaza kwake kuwa ni kusamehe.

Hata mwaka wa 2018, Bibi alipokuwa mgonjwa na hatoki kitandani, siku moja alianza kuhadithia habari za kwao. Akasema kwamba mwaka wa 1974, baba yake alipofariki, alisafiri peke yake kwenda mazikoni akiwa na mtoto mgongoni. Alipofika aliketi pamoja na mabinti wa nyumba ile walioolewa. Mtu mmoja akaja akamwambia ahame, akakae na wasichana wa nyumbani, kwa kuwa ng'ombe wake hawajatimia. Alikuwa na watoto wanne wakati huo. Akahama. Bibi alisimulia habari hii akicheka, kama mtu anayesimulia kisa cha utotoni, kisha akaomba maji. Babu alikuwa ameketi hapo kando yake. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia habari hiyo, baada ya miaka arobaini na minne. Wiki ya tatu Bibi akafariki.

Tangu siku ile Babu alianza kuweka fedha. Mwaka wa 2020 alikuwa tayari, lakini ugonjwa wa korona ukafunga njia, hata mtu hakuweza kuingia Nairobi wala kutoka bila ruhusa. Alingoja. Mwaka wa 2022 alipotangaza safari yake, palizuka maneno nyumbani. Baba yangu mdogo alisema fedha hizo zingefaa kumlipia karo mjukuu aliyekuwa chuoni, tena akauliza, deni la mtu aliyekufa hulipwa kwa nani? Babu akamjibu, "Aliyekufa ni yeye. Mimi mwenye deni ningali hai." Mzee mmoja wa kanisa naye akamwambia kwa upole kwamba ndoa yao ilibarikiwa mbele ya Mungu, na mauti yameimaliza. Babu alimshukuru, akaendelea kufunga mzigo wake.

Sharti lake lilikuwa moja tu: tupite njia aliyokuja nayo Bibi mwaka wa 1963. Yeye alitoka Kisumu kwa gari la moshi, daraja la tatu, akabadili Nairobi, akashuka Voi kabla ya mapambazuko. Sisi tungekwenda kinyume chake. Nilimkumbusha kwamba gari la zamani la abiria la Mombasa na Nairobi lilikoma mwaka wa 2017, ilipoanza reli mpya. Akasema basi tutapanda hilo jipya, mradi lipite karibu na njia.

Tulilipanda Voi. Lilikwenda upesi mno kwa mapenzi yake. Kila alipoiona reli ya zamani pembeni, nyembamba na imeota majani, alinigusa goti. Tulipokuwa Mtito Andei alisema kwamba hapo Bibi aliamka usiku akauliza kama bado wamo katika Kenya. Alipoambiwa ndiyo, akasema, "Basi Kenya hii haina mwisho," akalala tena.

Nairobi aliomba tulale siku mbili ili aone Makumbusho ya Reli, ambayo yalifunguliwa mwaka wa 1971 karibu na stesheni ya zamani. Nilidhani tutazunguka nusu saa. Tulikaa toka asubuhi hata saa tisa. Pale uwanjani zimewekwa injini za mvuke, na moja ni nambari 5918, inayoitwa "Mount Gelai". Ni ya zile injini 34 zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock mnamo miaka ya 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika ya Mashariki. Uzito wake hupita tani 250, na zilichoma mafuta, si makaa. Babu aliizunguka mara tatu. Alinionyesha mahali pa kutia grisi, akanieleza jinsi ardhi ilivyotetemeka chini ya miguu ya watengeneza njia ilipokuwa inakuja, nao wakaacha sululu zao na kusimama kando. Nilimwuliza kama injini kama hiyo ndiyo iliyomvuta Bibi. Akasema hajui, maana usiku ule hakuitazama injini. Kisha akaweka kiganja juu ya gurudumu, akakaa hivyo kitambo kirefu, hata mlinzi akamwendea. Nilifikiri atamfukuza. Mlinzi akamwuliza tu, "Mzee, ulikuwa wa reli?" Akamletea kiti.

Kutoka Nairobi tulipanda basi la kwenda Kisumu. Babu hakulala. Tulipofika njia panda ya Mau Summit, barabara ikashika ya Kericho na reli ikashika yake, naye akaanza kuzitaja stesheni tusizoziona, moja moja, kama mtu asomaye orodha: Londiani, Lumbwa ambayo sasa ni Kipkelion, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, Kibigori, Kibos. Akaniambia kwamba Bibi alilia tangu Kibos mpaka Muhoroni. Alinyamaza walipoanza kupanda milima, kwa sababu ya madaraja marefu ya chuma. Aliyaogopa, akamshika mumewe mkono mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya tena maisha yake yote. "Nilimwambia usilie, nitakurudisha kwenu na ng'ombe mbele yako," Babu alisema. Mimi nilitazama dirishani. Nami nina hesabu yangu kwa mkwe wangu, ambayo haina haja ya kuelezwa hapa.

Tulifika Luanda kesho yake, na toka huko tukaenda kwa miguu. Mlangoni pa boma la akina Bibi, Babu alisimama, akakataa kuingia. Akatoka ndugu yake Bibi, mzee wa miaka sabini na kitu, anatembea kwa mkongojo.

"Shemeji, mbona umesimama nje kama mgeni?"

"Shemeji, nimekuja na deni. Mwenye deni huingiaje?"

Babu akatoa bahasha. Ndani yake zilikuwa shilingi 120,000, bei ya mitamba watatu kwa kadiri tulivyoulizia. Yule mzee hakuipokea. Akasema kwa sauti ya chini kwamba baba yake hakutaja shilingi, alitaja ng'ombe. Niliingiwa na hasira, nikaona tunasumbuliwa bure baada ya safari ya zaidi ya maili mia nne na hamsini. Lakini nilipomtazama Babu, alikuwa ametabasamu. Alifurahi kuambiwa hivyo.

Usiku tulilala kwa jirani. Asubuhi tukaenda mnadani, na Babu akachagua mwenyewe, akipapasa mgongo na kufungua midomo, hata wachuuzi wakachoka naye. Akapata mitamba wawili wekundu na mmoja wa madoadoa. Nilitaka kukodi gari la kuwachukua. Akakataa. Aliwaswaga mwenyewe kwa fimbo, umri wake miaka themanini na minne, na mvua ikatupata njiani. Watoto wa shule walitufuata nyuma wakicheka. Mara mbili yule wa madoadoa aliingia katika mahindi ya watu, na mara mbili nikamkimbilia na viatu vyangu vya ofisini.

Safari hii mlango wa boma ulikuwa wazi. Ng'ombe waliingia mbele, Babu nyuma yao. Wanawake wakapiga vigelegele. Tulipokwisha kukaa na kupewa chai, shemeji yake alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Siku ile ya mazishi ya baba, aliyemwambia dada ahame ni mimi. Nilikuwa kijana, nilitaka wazee wanione ninajua mila. Tangu hapo alikuja hapa mara mbili tu, na mara zote mbili alinipikia."

Babu hakumjibu. Alisogeza kiti chake karibu na cha mwenziwe, wakakaa hivyo wakiwatazama ng'ombe wakila majani. Sikusikia wakisema neno jingine juu ya jambo hilo.

Tulipokuwa tukiaga, Babu aliniita akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe ni karani. Tuandikie stakabadhi." Nimeandika barua nyingi za serikali, na sijapata kuandika karatasi iliyosahihishwa mara nyingi kama ile. Kila mzee alikuwa na neno lake. Mwishowe iliandikwa kwamba wamepokewa ng'ombe watatu, wawili wekundu na mmoja wa madoadoa, kutimiza sita walioahidiwa mwaka wa 1962. Likaandikwa jina la Bibi kwa ukamilifu, na jina la baba yake, na ya kuwa ni binti aliyeolewa. Neno hilo la mwisho aliliongeza ndugu yake. Akatia kidole gumba katika wino wa kalamu yangu niliyoivunja kwa ajili hiyo, akagandamiza.

Nyumbani Taita tulifika usiku. Asubuhi Babu alinichukua hadi kaburini, chini ya mparachichi, akaniambia nisome. Nikasoma. Akasema sauti yangu ni ndogo, nisome tena. Nilipokwisha, aliikunja karatasi, akaenda nayo ndani, akaiweka katika kopo la bati ambamo Bibi alihifadhi cheti chake cha ubatizo.