Nkambo Alipoisahau Njia ya Nyumbani

Hapa kwetu Kamina nkambo wangu, mama mzaa baba, alijua njia zote za mashambani na majina ya wajukuu wote. Siku moja alipotea karibu na reli, nyumba tano tu kutoka kwetu. Jioni ile jirani mmoja alinong'ona kwamba mzee huyu amekuwa mchawi. Nami, mwalimu mzima, nilinyamaza. Aibu hiyo ningali nayo.

Basi nikatafuta vitabu. Ubongo ni yapata asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini una karibu asilimia 20 ya kolesteroli yetu yote. Mafuta hayo hujenga kuta za chembe na kuzifunika nyuzi zake. Kolesteroli ya damu haipiti kuingia ubongoni. Ubongo hujitengenezea yake. Chembe nyingine huitengeneza, na protini iitwayo apolipoprotini E huichukua na kuipeleka kwenye chembe za fahamu. Sisi wa Kamina, mahali njia za reli zikutanapo, twafahamu vema: ghala likijaa na mabehewa yakiwa mabovu, mzigo haufiki.

Protini hiyo ina aina tatu, E2, E3 na E4, nasi twairithi kwa baba na kwa mama. E4 yatofautiana na E3 kwa kiungo kimoja tu kati ya 299, lakini hubeba mafuta vibaya. Mwaka 1993 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba wenye E4 hupatwa zaidi na ugonjwa wa Alzheimer, ulao kumbukumbu. Mwaka 2022 wengine walionyesha kwamba E4 huacha kolesteroli irundikane ndani ya chembe, na nyuzi za ubongo zikakosa kifuniko cha kutosha.

Lakini urithi si hukumu. Wachunguzi walipowalinganisha wazee wa Ibadan, Nijeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, waliona kwamba E4 ina nguvu ndogo zaidi kwa wale wa Ibadan. Wengi huibeba, wakazeeka na akili zao timamu.

Nkambo hakupimwa kamwe, nasi tulimzika mwaka uliofuata. Ila tangu siku ile ya aibu nilimshika mkono kila jioni, na aliponiuliza jina langu nilimtajia, hata mara kumi. Ndugu, mzee akisahau, msimtafutie mchawi. Mshikeni mkono, mrudisheni nyumbani.