Njoro: Siku mjukuu wangu alipookota mkate wake tanurini

JE, msomaji mpenzi, mtoto wako anajua mkate hutoka wapi? Wangu alinijibu bila kusita kwamba hutoka supamaketi. Huyu ni mjukuu wangu wa miaka minne, mtoto wa binti yangu afanyaye kazi Nairobi, na kila likizo ya mwisho wa mwaka huletwa kwangu Nakuru.

Ni msichana mtiifu, ila tulikuwa na vita moja kila asubuhi. Hali ganda la mkate. Hula ule ulaini wa ndani, kisha huyapanga maganda kando ya sahani kama fito za nyumba.

Mimi nililelewa nyakati nyingine. Mwaka wa 1984 mvua ilipokosekana na mahindi ya manjano yakaagizwa kutoka ng'ambo, nilikuwa katika shule ya msingi. Nilisimama foleni na mama yangu nikingoja kilo mbili za unga. Mkate kwetu ulikuwa wa Krismasi. Basi Alhamisi moja nilipoona maganda yale yanaelekea pipani, hasira zilinipanda nikamchapa kofi la mkono. Hakulia sana. Alinitazama tu, na tangu hapo hakuniita Nyanya tena. Akitaka maji alisema, "Nataka maji." Wewe uliyelea watoto unajua jinsi jambo kama hilo linavyochoma.

Jumamosi nikamvisha sweta, tukashika njia ya Njoro. Jirani yangu alikuwa amenidokezea kuhusu jamaa mmoja huko wanaooka mikate shambani mwao na kuwaandalia wageni chakula cha mchana. Wenyewe walinisihi nisiwataje jina gazetini, kwa kuwa meza zao ni nne tu na hawataki kumrudisha mgeni na njaa yake.

Njoro si mbali. Kutoka Nakuru ni kilomita zipatazo 20. Unafuata barabara kuu iendayo Eldoret, kisha unakata kushoto. Matatu ni nyingi. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyoliacha joto la mji nyuma, maana Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Tulishuka, tukatembea kwenye njia ya vumbi, huku na huku mashamba ya ngano yamekauka rangi ya dhahabu yakingoja kuvunwa. Mtoto akauliza, "Hii ni nyasi gani?" Nikavunja suke moja, nikalifikicha kiganjani, nikapuliza makapi, nikampa punje. Akazitafuna. "Hii ni mkate?" Nikamwambia bado, mkate uko safarini.

Hapo Njoro ngano ina historia ndefu. Lord Delamere aliipanda huko mwanzoni mwa karne iliyopita, na ugonjwa wa kutu ukaishambulia vibaya hata akalazimika kugharamia utafiti wa mbegu zinazostahimili. Kampuni ya Unga ilianzishwa mwaka wa 1908. Kituo cha kuzalisha mbegu za ngano kilifunguliwa Njoro mwaka wa 1927, na hadi leo watafiti wa nchi nyingi huleta mbegu zao kupimwa hapo. Sababu ni aina ya kutu kali iliyogunduliwa Uganda mwaka wa 1998, ikaitwa Ug99, ambayo imeitia dunia nzima hofu. Lakini pamoja na haya yote, sehemu kubwa ya ngano tunayokula Kenya bado huja kwa meli. Ndiyo maana kuuona mkate uliotoka shamba lile lile unaloketi kando yake ni jambo la kutia moyo.

Tulipokewa na mama wa makamo, aproni imejaa unga. Mumewe hushughulikia shamba na ng'ombe, kijana wao huchoma kuni, na mkaza mwana hukanda. Tanuri lao ni la matofali, liko nyuma ya nyumba. Moto huwashwa alfajiri ndani yake. Kuni zikishakwisha makaa huondolewa, sakafu ikapanguswa kwa kitambaa chenye maji, na mikate huiva kwa joto lililobaki ndani ya matofali. Kipimajoto hawana. Hutupa unga kidogo sakafuni. Ukiwa mweusi papo hapo, tanuri bado ni kali. Ukigeuka hudhurungi polepole, mikate huingia.

"Njoo, mama," yule mwenyeji akamwita mjukuu wangu, akampa donge lake mwenyewe. Alilikanda kwa ngumi, akalipiga, akaligeuza, kisha likafunikwa kwa kitambaa. Akauliza kwa sauti ya chini, "Limelala?" Akaambiwa la, linafanya kazi. Hamira ina uhai. Hula sukari iliyomo ungani na kutoa hewa, nayo hewa hiyo ndiyo inayoufanya unga uumuke. Hauharakishwi. Tuliwaona kuku, tukawaona ndama, tukarudi tukachungulia. Donge lilikuwa limekua maradufu. Lo! Macho ya mtoto!

Chakula cha mchana kilikuwa supu ya malenge, mchuzi wa minji na karoti, mayai, siagi ya nyumbani na mkate ungali moto. Nikauliza supu imekuwaje nzito vile. Mama akacheka. "Ni mkate wa juzi," akasema. Kwake ganda halitupwi. Mengine hukatwa vipande vidogo, yakakaushwa tanurini yaliwe na supu. Mengine husagwa yafunike samaki wa kukaanga. Mengine hulowekwa katika maziwa, mayai na sukari yakawa pudini. Yaliyosalia ni ya kuku, isipokuwa yaliyoota ukungu, hayo hapewi hata kuku.

Mimi nilikuwa nimempiga mtoto kwa ajili ya kitu ambacho mwenzangu hukiweka ndani ya mkebe.

Kisha mkate wa mjukuu ukaletwa, umepinda kama kobe. Akauvunja mara mbili, akanisogezea kipande kikubwa, ganda na vyote. "Nyanya, chukua." Nilishindwa kumeza kwa muda. Nikainama nikamwambia, "Nisamehe kwa kukupiga." Akaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa.

Sitakudanganya, msomaji, kwamba mtoto aligeuka siku hiyo. Jumatatu asubuhi maganda yalikuwa kando ya sahani kama kawaida. Tofauti ni kwamba sasa tuna mkebe, na yeye mwenyewe ndiye huyatia ndani, akisema ni ya supu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Walisema kumkunja, hawakusema kumvunja.

Ukipanga safari kama hii, peleka habari mapema, kwa maana mashamba ya namna hii hupika kwa idadi ya wageni. Fika kabla ya saa tano ili mtoto aone kazi, asikute mezani tu. Mvishe viatu vya kufunga na sweta, na umshike mkono karibu na tanuri, kwa sababu matofali hubaki na moto hata miali ikishazimika. Na kama Njoro ni mbali nawe, nunua unga na hamira, umpe mtoto donge lake Jumapili hii. Wakati unga unaumuka mtapata nafasi ya kuzungumza. Huenda una neno la kumwambia, kama mimi nilivyokuwa nalo.