Grisi ya Liemba

Ateremkaye kutoka Sumbawanga na nyanda za Ufipa hufika Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika ambako Liemba ilitia nanga kwa miongo mingi. Meli hiyo, ikiitwa bado Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, karibu na mlango wa mto Malagarasi, isije ikatekwa. Lakini mafundi waliopewa kazi hiyo waliipakia mchanga, wakaipaka mitambo grisi nzito, wakaishusha taratibu. Amri iliwataka waiue. Wao waliizika kama mbegu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa injini zile zile. Kipili, isikoweza kufunga gatini, makuli waliipandishia magunia ya dagaa kutoka mashuani, usiku, kwa mwanga wa taa zake.