Foleni ya Busisi

Wasomaji wa visiwani, mliolelewa na pepo za kusi na kaskazi, huenda mkastaajabu kusikia kwamba mtu aweza kukosa pumzi kando ya ziwa lililo kubwa kuliko yote barani Afrika. Mimi nimeyashuhudia hayo katika foleni ya kivuko cha Busisi, ndani ya gari langu mwenyewe, na aliyekosa pumzi alikuwa Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa anaishi Sengerema na ana pumu. Kila baada ya miezi mitatu nilimfuata ili nimpeleke kliniki Bugando. Siku hizo daraja la kutoka Kigongo hadi Busisi lilikuwa bado linajengwa, na kila gari lililopita njia ile lilisimama kungoja zamu yake ya kuvuka. Kufungua vioo kulikuwa kujitakia balaa. Nyuma kuna vumbi la malori. Mbele, hasa siku za mwandamo wa mwezi, ziwa hufuka wadudu. Ni visubi wasiouma, lakini huibuka majini kwa mamilioni na kupaa kama nguzo za moshi, na upepo ukiwaleta nchi kavu huingia puani, kinywani na katika chai. Basi tulifunga vioo tukategemea kiyoyozi, nacho kikatupulizia hewa ya uvuguvugu kama pumzi ya ng'ombe.

Nilikwenda gereji moja mjini. Fundi aliinua boneti, akasema gesi imepungua, akaongeza. Barabarani hewa ilipoa vizuri. Busisi uvuguvugu ukarudi. Nikaenda tena, akaongeza tena, nikalipa tena. Mama Mkubwa akaniambia, “Mwanangu, gari hili hupoa likikimbia. Likisimama linachoka.” Nilicheka. Nikamjibu, kwa kiburi cha mtu aliyesoma, kwamba gari si punda.

Safari iliyofuata foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Alianza kuhema taratibu, kisha kwa sauti. Alivuta dawa yake mara mbili asipate nafuu. Nilishuka nikawaomba waliotutangulia watupishe. Wakatupisha, madereva wa malori na wachuuzi wa samaki, bila kuniuliza swali hata moja. Alilazwa siku nne. Katika siku hizo nne nilikuwa na muda wa kuyatafakari maneno yangu kuhusu punda.

Fundi wa pili nilimpata Nyakato. Huyu hakukimbilia boneti. Aliuliza kwanza, “Hupuliza joto wakati gani?” Nikamjibu kwa maneno ya Mama Mkubwa, yaleyale niliyoyacheka. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kupata jibu.

Kiyoyozi, alinieleza, hakitengenezi baridi, huhamisha joto. Kompresa huigandamiza gesi hadi ikawa ya moto sana, kisha huisukuma katika kondensa, ule wavu wa mabomba uliopo mbele ya rejeta. Hapo gesi hulitua joto lake kwa hewa inayopita, ikageuka maji. Baadaye hupenyezwa katika tundu jembamba, ikatanuka ghafla na kupoa, na ubaridi huo ndio tunaopulizwa usoni. Gari likienda, upepo wa mwendo hutosha kuipoza kondensa. Likisimama, kazi yote huiangukia feni.

Alinionyesha feni yangu: haikuzunguka kabisa, waya wake umeliwa na kutu. Akamulika kondensa kwa tochi. Kati ya mapezi membamba ya alumini palijaa ukoko mweusi uliochanganyika na vumbi. Nilidhani ni tope. Walikuwa visubi, wa miandamo sijui mingapi. Gesi haikuwa na pa kulitua joto lake. Mgandamizo ukapanda mpaka swichi ya usalama ikaizima kompresa. Na ile gesi niliyoongezewa mara mbili ilikuwa imezidisha mgandamizo huo. Nilikuwa nimelipa ili gari langu liugue zaidi.

Aliifyonza gesi yote kwa mashine akaihifadhi katika mtungi. Wengi huiachia hewani, nami ningekuwa sijui ubaya wake. Kumbe kilo moja ya gesi hiyo, R-134a, hupasha dunia joto kwa karne moja kama kilo zaidi ya elfu moja za hewa ya ukaa. Ni moja ya zile ambazo mataifa yalikubaliana kuzipunguza mjini Kigali, Oktoba 2016, magharibi ya ziwa letu hili. Kisha akaosha kondensa kwa maji ya taratibu kutoka ndani kwenda nje, asiyapinde mapezi, akabadili waya wa feni, akarudisha gesi kwa kuipima kwenye mizani, gramu zilezile zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.

Daraja lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Lina urefu wa kilomita 3, na sasa tunavuka kwa dakika chache pasipo kusimama. Laiti lingewahi, ugonjwa wa gari langu pengine usingejulikana. Lakini Mama Mkubwa hajaliamini bado. Tukisimama popote, hata kwa magari machache pale Buhongwa, huinua kiganja akakiweka mbele ya tundu la hewa, akangoja. Nami siondoi mguu kwenye breki mpaka aseme.