Mubirizi Kando ya Mashimo



Kamituga inajulikana kwa dhahabu. Tangu enzi za Wabelgiji watu huchimba hapa, na desturi ni ile ile: udongo mweusi wa juu huzikwa, changarawe hubaki juani, na shimo likiisha mali wachimbaji huhamia jingine. Nyumba yangu iko kando ya mashimo ya namna hiyo. Kiangazi kinapofika, Juni hadi Agosti, uwanja wake huwa mkavu kama kigae.

Hapo ndipo nilipopanda mubirizi. Ndivyo Bashi wanavyokiita kichaka hiki chenye majani machungu, mwenyeji halisi wa Afrika; wataalamu hukiita Vernonia amygdalina. Hakihitaji mbegu. Mvua za Septemba zilipoanza, nilikata vipande vya matawi vyenye unene wa kidole gumba, nikavichomeka ardhini kwa mshazari hadi nusu. Mizizi ikishashika, jua halikiwezi.

Wengi wetu tunakijua kwa uchungu tu: majani yamepondwa, kikombe kimejaa, mtoto mwenye minyoo analia. Hata sokwe wanakijua. Mwaka 1987, huko Mahale, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Mohamedi Seifu Kalunde na mtafiti Michael Huffman walimwona sokwe jike mgonjwa akitafuna moyo wa shina lake. Kesho yake alikuwa amepata nafuu.

Mimi nilikitaka kwa ajili ya maua. Ni madogo, meupe, yamesongamana kwenye ncha za matawi, na harufu yake huwaita nyuki. Nyuma yake nimepanda maboga. Ua dume la boga na ua jike huchanua mbalimbali, na chavua yake ni nzito, hairushwi na upepo. Nyuki asipopita, kiboga kichanga hugeuka manjano na kudondoka. Katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko aliwakumbuka hata wadudu, kwamba sumu zinawamaliza ilhali wanamfaa mkulima.

Shida ni kwamba tawi linalokatwa majani kila juma halichanui. Mama yangu mdogo ni mmoja wa akina mama wanaotwanga mawe wakitafuta chembe za dhahabu. Jioni hurudi na vumbi hadi kwenye kope, tumbo likimsumbua, naye hutaka majani. Ningemwambiaje kwamba nyuki watangulie? Tukagawana: safu ya barabarani ni yake, ya upande wa maboga haiguswi na kisu. Hakupendezwa. Alisema nimewapa wadudu sehemu iliyonona, na kwa kweli ilikuwa hivyo.

Msimu huu boga la kwanza lilikwenda kwake. Juzi alipita tena, na safari hii hakuomba majani. Aliomba vipande sita vya tawi, akauliza vichomekwe upande gani.