Breki ya Mkono

Pikapu yetu hubeba nazi kutoka Kaloleni hadi Likoni. Kila tulipoteremka Mazeras na mzigo, breki za nyuma, zile za ngoma, zilipata moto zikakosa nguvu, kwani joto hufungika ndani ya ngoma. Tukaamua kutia diski, ambazo hupigwa na upepo zikapoa upesi.

Zilishika vyema, alhamdulillahi. Ila breki ya mkono ilikuwa ikifanya kazi ndani ya zile ngoma, nazo zimekwisha kutolewa. “Mtaegesha kwa gia,” fundi akatwambia. Mama hakuridhika: ndani ya feri, hatua mbili mbele ya gari, husimama wanawake waliobeba watoto. Tukangoja siku nne, zikaletwa kalipa zenye waya wa breki ya mkono. Bei ilituuma, Mama hakuijadili.