Mlio wa Karanga

Nimekulia Njombe, na kwetu simbilisi walikaa jikoni, kwenye moshi wa kuni. Bibi aliwatupia maganda ya viazi na majani ya mahindi, nao wakazaliana gizani nyuma ya mafiga. Walikuwa kitoweo. Sikuwahi kumuona simbilisi mgonjwa, kwa sababu aliyeanza kuzubaa alichinjwa mapema. Kwa hiyo binti yangu alipoleta simbilisi nyumbani kwetu hapa Minneapolis, sikudhani kama siku moja ningekesha kwa ajili ya mkojo wake.

Tulimwita Karanga, kwa rangi ya manyoya yake. Januari mwaka jana alianza kulia kila alipokojoa. Simbilisi hulia kwa mengi, hata akisikia mlango wa friji ukifunguliwa. Huu ulikuwa mlio mwingine, mwembamba, wa kuvuta, na mgongo ameukunja. Nikamtandikia kitambaa cheupe. Asubuhi nilikuta doa la damu iliyochanganyika na mkojo, na pembeni yake unga mkavu kama chokaa.

Daktari wa kwanza alisema ni maambukizi, akatupa antibayotiki. Damu ikapungua, kisha ikarudi. Akatupa tena. Wiki tatu zikaisha hivyo bila kupigwa picha hata moja, na wiki hizo zinaniuma mpaka leo. Daktari wa pili, aliyezoea wanyama wadogo wa aina hii, alimpiga eksirei siku hiyohiyo. Jiwe lilikuwa pale kibofuni, jeupe pepe, kubwa kama njegere.

Akatueleza kwa utaratibu. Utumbo wa simbilisi hufyonza kalsiamu nyingi kutoka kwenye chakula, na inayozidi hutolewa na figo kupitia mkojo. Ndiyo maana hata mkojo wa simbilisi mzima huwa na ukungu. Ukizidi kuwa mzito, ile kalsiamu hujikusanya kama tope, na mwisho huwa jiwe. Nikakumbuka sukuma wiki niliyokuwa nikimpa kila siku kwa mapenzi, na nyasi za lusini nilizonunua kwa kuwa zilikuwa laini. Daktari alinizuia nisijilaumu: wapo wanaolishwa vizuri kabisa na bado wanapata mawe. Majike huweza kukojoa vijiwe vidogo, lakini hili lisingepita.

Alipasuliwa. Gharama ilizidi kodi yetu ya mwezi, na niliilipa kidogo kidogo mpaka Agosti.

Kazi ilikuja baada ya hapo. Aligoma kula, na simbilisi hawezi kukaa na njaa: utumbo wake ukisimama, anaweza kufa upesi. Nilimfunga kwenye khanga, kichwa tu nje, nikakoroga unga wa nyasi kwa maji ya uvuguvugu mpaka ukawa kama uji mwepesi, nikauvuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Unaliingiza kwa pembeni, nyuma ya meno ya mbele. Unasukuma kidogo sana, unasubiri. Ukimwona anatafuna, unasukuma tena. Ukiharakisha, anapaliwa. Kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, kisha dawa ya maumivu, kisha mizani ya jikoni. Kabla ya kuugua alikuwa na gramu 940. Siku ya nne baada ya upasuaji alikuwa na 815, nikakaa sakafuni nikalia.

Usiku ule nilimpigia mama, kwake kulishapambazuka. Nilitegemea ashangae kwamba nampa simbilisi uji. Akaniuliza, "Amemeza mangapi, mwanangu?" Nikamwambia mabomba mawili. "Basi mpe na la tatu."

Siku ya sita aliuvuta unyasi mmoja mkavu mwenyewe, nikasikia meno yakisaga.

Mawe haya hurudi mara nyingi, na mwezi wa kumi picha ilionyesha tope kidogo. Sasa anakula nyasi za timothi muda wote, kipande cha pilipili hoho kila siku kwa ajili ya vitamini C, ambayo mwili wake hauwezi kuitengeneza, na mboga nazisuuza nisizikaushe, maji yaingie. Kitambaa cheupe hatujakiondoa. Leo asubuhi kilikuwa na doa la manjano tu, na mizani ilisoma 925. Nimemtumia mama picha.